Maoni ya wateja kuhusu gemu na vifaa vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla ya kutoa laki mbili za Tanzania kwa ajili ya padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, au zaidi ya hapo kwa mashine nzima kama PlayStation (PS4, PS5) au Xbox, wengi hufungua simu kwanza waone walionunua kabla yao wanasemaje. Ni tabia nzuri. Shida ni kwamba maoni mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa na watu wenye hali tofauti na yetu: bando lao halihesabiwi kwa GB, seva ya gemu iko nchini mwao, na kifaa kikiharibika wanakirudisha kwa posta na kupewa kingine. Majibu haya yanamlenga mnunuzi wa Dar, Mwanza, Mombasa au Nairobi anayesoma maoni ya watu hao na kujiuliza ni yapi yanamhusu.

Padi ina nyota nne na nusu kutoka kwa watu elfu nne. Hiyo si inatosha?

Haitoshi. Wastani unamweka kapu moja aliyeandika saa moja baada ya kufungua boksi na aliyeandika baada ya mwaka. Maduka ya mtandaoni humwomba mteja maoni siku chache tu baada ya mzigo kufika, na siku hizo padi yoyote, hata ya kopi, inafanya kazi vizuri. Analogi, vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba, huanza kusumbua baada ya miezi. Betri huchoka taratibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile nyota imetolewa kwa rangi, boksi na kasi ya kufikishiwa mzigo.

Panga maoni kuanzia ya karibuni, halafu tafuta yanayotaja muda: "baada ya miezi sita", "nimekaa nayo mwaka". Yakipatikana kumi tu ya namna hiyo, yape uzito kuliko zile elfu nne.

Nianze na yapi, ya nyota tano au ya nyota moja?

Ya nyota mbili na tatu. Wa nyota tano mara nyingi anajipongeza kwa kununua. Wa nyota moja huenda ana ugomvi na msafirishaji: boksi lilifika limebonyea, au aliletewa rangi nyingine. Wa nyota tatu amekaa na kitu, anajua kilipo kizuri na kinapokera, na hana sababu ya kupiga kelele.

Halafu tafuta kosa linalojirudia. Watu watano wasiojuana wakilalamikia kibonye kilekile cha R2, kila mmoja kwa maneno yake, hilo ni kosa la kifaa. Malalamiko matano ya mambo matano tofauti ni bahati mbaya za kawaida.

Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kuna maneno badala ya nyota. Yanapimwaje?

Steam haina nyota. Mchezaji anabonyeza dole gumba juu au chini, basi, na neno unaloliona ni asilimia ya waliobonyeza juu. Kati ya 40 na 69 gemu inaitwa ya mchanganyiko. Kuanzia 70 inahesabiwa kupendwa na wengi, kuanzia 80 sifa zinapanda, na daraja la juu kabisa linataka asilimia 95 pamoja na maoni yasiyopungua 500.

Watu husahau kwamba asilimia hiyo haipimi utamu wa gemu. Gemu ndogo ya kawaida ambayo haimkeri mtu inaweza kupata 96, na gemu kubwa yenye mambo mazito ikabaki na 78 kwa kuwa wengine imewashinda. Pia tangu Septemba 2016, maoni ya watu waliopata ufunguo wa gemu (namba ya kuifungulia) nje ya Steam hayaingii kwenye hesabu ya asilimia hiyo, kwa sababu baadhi ya watengenezaji walikuwa wakigawa funguo ili wasifiwe.

Zile saa zinazoandikwa juu ya kila maoni zina kazi gani?

Zina kazi kubwa kuliko dole gumba lenyewe. Mwenye dakika ishirini hajaiona gemu, ila akisema ilimzimikia mara tatu kwenye kompyuta yenye kadi ya picha kama yako, msikilize. Steam humrudishia hela mteja aliyeomba ndani ya siku 14 na aliyecheza chini ya saa 2, na ndiyo maana maoni mengi makali yana saa moja na kitu: mtu alijaribu, ikagoma, akaandika, akadai chake.

Upande wa pili yuko mwenye saa 2,000 anayesema "msinunue". Gemu iliyomshikilia saa zote hizo haiwezi kuwa mbaya kiasi hicho. Kwa kawaida amekasirishwa na badiliko la juzi. Soma anachokilalamikia, uone kama wewe mgeni litakugusa.

Wahakiki wanaisifu, wachezaji wanaiponda. Nani anasema kweli?

Inategemea walipoanza kuandika. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020, na siku hiyohiyo ukurasa wake wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na wachezaji, ulijaa sifuri kutoka kwa watu ambao, kwa urefu wa gemu ile, wasingeweza kuwa wameimaliza. Mwezi uliofuata Metacritic iliweka kanuni kwamba mchezaji asubiri saa 36 baada ya gemu mpya kutoka ndipo aruhusiwe kuandika. Hapo wachezaji ndio walioharakisha.

Kuna nyakati wahakiki ndio wanaokosa kitu. Chukua gemu za mpira. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kubeba jina lile, na tangu Septemba 2023 tunaiita EA Sports FC. Mhakiki huipata mapema, anacheza siku kadhaa, anasifu nyasi na nyuso za wachezaji. Mchezaji wa kawaida anakaa nayo msimu mzima na malalamiko yake ni yale ya kila mwaka: Ultimate Team, sehemu ya kununua wachezaji na kucheza mtandaoni, inakula pesa, kosa la mwaka jana bado lipo, gemu ni ileile imevalishwa jezi mpya. Wote wawili wako sahihi.

Ila jiulize wewe unachezaje. Kama gemu yako ni ya sebuleni, watu wawili na padi mbili, anayefungwa anampisha mwingine, basi nusu ya malalamiko hayo hayakuhusu, kwa sababu yanazungumzia seva na soko la wachezaji wa mtandaoni. Swali lako ni moja: tofauti na toleo la mwaka juzi, ambalo sasa linauzwa kwa bei ya chee, inastahili hela? Kwa mchezo wa sebuleni, binafsi nasema mara nyingi haistahili.

Gemu iliyopondwa ilipotoka inaweza kuwa nzuri leo?

Inaweza, na kinyume chake pia. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikiwa imeahidi makubwa na kuleta machache, ikazama kwa maoni mabaya. Watengenezaji hawakukimbia. Waliongeza vitu mwaka baada ya mwaka bila kudai hela ya ziada, na mwaka 2024 maoni yake yote kwa jumla kwenye Steam yalivuka asilimia 80. Nayo eFootball, gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa PES, ilipoanza tarehe 30 Septemba 2021 ilikuwa kichekesho: nyuso zimepinda, wachezaji wanapita ndani ya wenzao, na ikawa miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kuliko zote kwenye Steam. Mtu aliyeisoma wiki ile na anayeisoma leo hawasomi habari ya gemu moja.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Wenye kompyuta zenye nguvu waliipenda. Wenye PS4 na Xbox One za kawaida waliletewa gemu inayoganda na kuzima, na wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake, ikarudi Juni 2021. Sasa sifa unazozisoma leo zinatokana kwa kiasi kikubwa na sasisho la 2.0 la Septemba 2023, na sasisho hilo lilikwenda kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. PS4 haikupewa. Kwa hiyo mwenye PS4 anayesoma "gemu imetengemaa kabisa" anasoma habari za mashine asiyo nayo.

Ongeza lingine. Diski ya PS4 unayonunua kwa mtu imebeba gemu kama ilivyokuwa siku ilipochapwa. Marekebisho yote yanayosifiwa yanashushwa kwa intaneti, na yanaweza kuwa makumi ya GB. Kama mashine yako haiunganishwi mtandaoni, maoni yanayokufaa ni ya wiki ya kwanza, yale ambayo kila mtu anakwambia yamepitwa na wakati.

Niliona gemu yenye maoni mabaya zaidi ya laki mbili kwa siku chache. Ilikuwa mbaya hivyo?

Huenda unaongelea Helldivers 2, na haikuwa mbaya hata kidogo. Ilitoka Februari 2024 na kupendwa. Mwezi Mei Sony ikatangaza kuwa wanaocheza kwenye kompyuta nao lazima wafungue akaunti ya PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya PlayStation. Wachezaji wakageuza sehemu ya maoni kuwa uwanja wa maandamano, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma.

Kwetu kisa kile kilikuwa na uzito wa pekee. PlayStation Network haihudumii rasmi Tanzania wala Kenya. Wachezaji wa huku hufungua akaunti kwa kuandika nchi nyingine, kisha wanatafuta kadi za malipo za nchi hiyo. Wakati wa mvutano ule gemu iliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170, zile ambazo PSN haimo. Kwa hiyo lile lalamiko ambalo kwa Mmarekani lilikuwa usumbufu wa kujisajili, kwa mtu wa Arusha lilikuwa swali la kama ataruhusiwa kununua.

Steam huonyesha mchoro wa maoni kwa tarehe. Ukiona mstari mwekundu umeshuka ghafla kama kisima, bonyeza siku hizo usome kilichotokea kabla ya kuhukumu gemu.

Kila padi ninayoisoma ina lalamiko la analogi kujiendea yenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu karibu zote zina kifaa kimoja ndani. Chini ya analogi kuna potenshiometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Ni kijichuma kinachosugua juu ya utepe wa kaboni na kusoma kiko wapi. Kila unapoisukuma, kaboni inalika kidogo na vumbi lake linabaki mlemle. Siku inafika kijichuma kinasoma "kushoto kidogo" wakati hujagusa kitu, na mchezaji wako anaanza kutembea peke yake kuelekea kona ya uwanja. Vumbi la nje na jasho huharakisha, na mikono ya kibanda cha gemu, ambako padi haipumziki tangu asubuhi hadi saa nne usiku, huharakisha zaidi.

Lalamiko lililovuma kuliko yote lilikuwa la Joy-Con, padi ndogo za Nintendo Switch, mashine iliyotoka Machi 2017. Kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2019, na Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi. Lakini angalia linavyobadilisha maoni: Aprili 2023 Nintendo ilitangaza kuwa wateja wa Ulaya watatengenezewa tatizo hilo bure hata dhamana ikiwa imekwisha. Mteja wa Ujerumani anayeandika "ilianza kujiendea, wakaniletea iliyotengenezwa, sina shida, nyota nne" ameandika kweli yake. Wewe utampelekea fundi na kulipa mwenyewe. Mpunguzie nyota zake.

Basi ninunue zile za sumaku zinazosifiwa?

Zile zinatumia sensa za Hall: sumaku inasogea, sensa inaisoma bila kugusana, kwa hiyo hakuna cha kulika. Si teknolojia mpya, padi ya Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa nayo. Sifa zake kwenye maoni ni za haki.

Mtego uko kwingine. Padi nyingi za namna hiyo, kama GameSir G7 SE au 8BitDo Ultimate, zimetengenezwa kwa kompyuta, Xbox au Switch, na hazifanyi kazi kwenye PS4 wala PS5 moja kwa moja. Watu wanasoma nyota tano, wanaagiza kutoka nje, mzigo unafika baada ya wiki tatu, PlayStation haiitambui. Kabla ya sifa yoyote, soma mstari unaotaja mashine zinazokubaliwa. Na kwa PS5 kumbuka kuwa padi ya PS4 inacheza gemu za PS4 tu, hata ikiwa orijino.

Kama una padi orijino iliyoanza kusumbua, fundi mzuri anaweza kubadilisha analogi. Kazi yenyewe ni ya kuchomelea pini nyingi ndogo, kwa hiyo mwombe akuonyeshe padi nyingine aliyoitengeneza, na uiwashe mwenyewe.

Muuzaji anasema ni orijino, wateja wake wanasema ni orijino. Nitajuaje?

Maoni ya wateja hapa hayasaidii sana, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kushika orijino hana cha kulinganisha. Jaribu mwenyewe dukani:

Kwa padi ya PS4, chomeka spika za masikioni kwenye tundu lake. Kopi nyingi zina tundu lisilotoa sauti, au kibao cha kugusa kinachobonyezeka tu bila kuhisi kidole kikiteleza. Kwa DualSense, yaani padi ya PS5, fungua gemu ya Astro's Playroom, ambayo imo ndani ya kila PS5, na uvute L2 na R2. Orijino inakaza na kulegea kulingana na kinachotokea. Kopi inaenda laini mwanzo mwisho. Kisha iunganishe kwa waya na uingie kwenye mipangilio utafute sasisho la padi, kwani kopi kwa kawaida haikubali kusasishwa.

Muuzaji akikataa usijaribu, umeshajibiwa.

Na kopi si haramu kununua kwa matumizi yako ukijua ni kopi na bei ikiwa ya kopi. Wenye vibanda wengi hufanya hivyo kwa makusudi, wanazihesabu kama gharama ya mwezi. Tatizo ni kulipa bei ya orijino.

Hedseti ya Bluetooth ina sifa nzuri ajabu. Itafaa kwenye PlayStation?

Hapana, si moja kwa moja. PS4 na PS5 hazipokei hedseti za kawaida za Bluetooth. Zinataka yenye kidude chake cha USB, au ya waya inayochomekwa kwenye padi. Zile sifa zimeandikwa na watu wanaosikilizia muziki kwenye simu. Hata kwenye simu, ukicheza gemu ya kufyatuliana risasi, Bluetooth huchelewesha sauti kiasi cha kusikia hatua za adui akiwa ameshafika.

Na kadi za kumbukumbu na hadi za nje (hard disk)?

Hapa usiamini nyota kabisa. Kadi ya TB 1 inayouzwa kwa hela ya chakula cha mchana ni ya uongo. Imepangwa ijitambulishe kwa ukubwa usio wake, na mnunuzi anaitia kwenye simu, anaona imeandikwa TB 1, anafurahi, anatoa nyota tano. Inaendelea kupokea mafaili hadi nafasi ya kweli inapojaa, kisha yanayofuata yanaharibika. Programu za bure kama H2testw kwa Windows au F3 kwa Linux na Mac huijaza kadi yote na kuisoma tena. Ni kazi ya saa kadhaa, ifanye siku ileile uliyonunua.

Kwa hadi ya nje ya USB: gemu za PS4 zinacheza kutoka humo, za PS5 zinahifadhiwa tu. Wengi wanaolalamika kuwa "hadi ni mbovu" hawakulijua hilo.

Nitatambuaje maoni ya kununuliwa?

Mengi yanafika kwa wimbi, siku chache, kisha kimya. Yanataja jina kamili la bidhaa kama tangazo, hayataji gemu iliyochezwa wala mashine iliyotumika. Picha ni za boksi, hakuna ya kitu kikiwa mezani kwa mtu. Mwingine huchomekewa kikaratasi ndani ya boksi: tupe nyota tano tukupe zawadi. Biashara hiyo si ndogo. Mwaka 2021 Amazon ilithibitisha kuwa imefungia chapa zaidi ya 600 za Kichina, nyingi za vifaa vya elektroniki, kwa kuchezea maoni mara kwa mara.

Ujanja mwingine ni kurithi nyota. Muuzaji anachukua ukurasa wa zamani wa bidhaa iliyosifiwa na kuweka bidhaa mpya. Ukikuta maoni ya chini kabisa yanasifu kamba ya chaja kwenye ukurasa wa padi, funga ukurasa.

Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo, ikaanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 na faini yake wakati huo iliweza kufika dola 51,744 kwa kosa moja. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Muuzaji wa kwenye Instagram mwenye duka kwenye begi hayuko chini ya kanuni hizo.

Huyo wa Instagram ana picha za skrini za WhatsApp, wateja wanamshukuru. Nimwamini?

Picha ya skrini mtu anaitengeneza kwa dakika tano, na anayechagua zipi zionekane ni muuzaji mwenyewe. Angalia sehemu ya maoni chini ya machapisho ya miezi mingi nyuma: imefungwa? Kuna mtu aliuliza "kaka mzigo wangu vipi" akaachwa bila jibu? Uliza kama unaweza kufuata bidhaa mwenyewe, Kariakoo au Luthuli Avenue au popote anaposema yuko. Asiye na mahali pa kupokelea mteja, mlipe mzigo ukiwa mkononi mwako.

Nanunua mashine used kutoka nje. Maoni ya zamani yanafaa?

Yanafaa kwa jambo moja, kujua udhaifu wa kila toleo. Mengine ni ya kukagua.

La umeme lisikupite. PS4 na PS5 kwa kawaida zinakubali umeme wa nchi nyingi, lakini Xbox 360 ya soko la Marekani huja na adapta ya volti 110 hadi 127, na PS2 nene ya Japani ni ya volti 100. Ukizichomeka kwenye 230 za kwetu bila transfoma zinaungua, na hakuna mteja wa Chicago atakayekuonya kwenye maoni yake. Soma kibandiko cha nyuma.

Pia uliza kama mashine imefungiwa mtandaoni, maana iliyofungiwa inacheza diski vizuri tu na utagundua siku unayojaribu kuingia kwenye akaunti. Iwashe, iache icheze nusu saa, usikilize feni.

Wote wanasema gemu ni laini mtandaoni, kwangu inaganda. Mbona?

Umbali. Seva za gemu nyingi kubwa ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini, na data yako inavuka bahari kwenda na kurudi kila unapobonyeza. Hata fiba nzuri ya nyumbani haiufuti umbali huo. Na nyaya zenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti za chini ya bahari, ilikatika kwa pamoja, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Aliyeipa gemu nyota moja wiki ile aliilaumu gemu kwa kosa la bahari.

Tafuta maoni ya Waafrika Kusini, Wamisri, watu wa Dubai au wenzetu wenyewe. Lalamiko lao kuhusu seva lina thamani kwako kuliko sifa za mtu wa London.

Duka limebandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, nimekwisha?

Si lazima. Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora unaofaa wa alichouza. Tanzania, sheria ya uuzaji wa bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora wa kuuzika, na malalamiko yanaweza kufikishwa Tume ya Ushindani. Kwa padi moja wengi hawaendi huko, wanamalizana dukani. Ndiyo maana risiti yenye tarehe na jina la kifaa, na video fupi ukikijaribu kabla ya kuondoka, vina nguvu.

Gemu ya bure kwenye simu, nayo isomewe maoni?

Hiyo ndiyo ya kusoma kwa makini zaidi, hasa ikiwa ni ya mtoto, kwa kuwa inauza ndani. Soma maoni ya wazazi na utafute maneno mawili: "pesa" na "matangazo". Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani, na milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja waliotozwa bila kukusudia. Wazazi walikuwa wamelalamika muda mrefu kabla. Laini ya simu yenye pesa isiunganishwe na akaunti anayochezea mtoto.

Nataka kuandika maoni yangu. Niandike nini?

Andika vile ambavyo ungetamani kuvisoma: mashine gani, umeinunua mpya au used, umekaa nayo muda gani, unaitumia wapi, na kipi kimeharibika kwanza. Nyota ni za mwisho. Usiandike siku ya kwanza. Ukiandika, rudi baada ya miezi kadhaa uhariri, karibu majukwaa yote yanaruhusu.

Mfano unatosha mistari mitatu: "Padi ya PS4, orijino, used kutoka Dubai. Natumia kibandani Tandika, inachezwa siku nzima. Mwezi wa tano analogi ya kushoto imeanza kujiendea, betri inashika saa tatu, vibonye vingine salama. Waya wa chaja uliokuja nayo tupa, nunua mwingine."